Pilipili gani hiyo? Jinsi nilivyojifunza kuhifadhi teuzi nyingi kwenye programu ya simu

Fomu ya usajili wa wakulima niliyoitengeneza mwaka juzi ilikuwa na maswali kumi na mawili, na kumi na moja kati ya hayo hayajanisumbua hadi leo. Jina lilihifadhiwa kama maandishi, kijiji kilichaguliwa kutoka kwenye orodha, na ukubwa wa shamba ulikuwa namba yenye nukta. Lililoniumiza kichwa ni swali la nane, "Unalima mazao gani?", ambalo chini yake palikuwa na visanduku kumi na sita vya kuweka tiki, na mkulima alikuwa huru kuchagua kimoja, vitano au vyote.

Programu hiyo ilikuwa ya maafisa ugani wanaozunguka vijiji vya Muheza, mkoani Tanga, upande wa milima ya Usambara Mashariki. Huko shamba la ekari mbili linaweza kuwa na mikarafuu, midalasini, iliki iliyojificha kivulini, pilipili manga iliyokwea miti, michungwa pembeni, na muhogo mahali popote palipobaki wazi. Kumlazimisha mkulima wa namna hiyo ataje zao moja ni kumwomba aseme uongo, kwa hiyo visanduku vya tiki vilikuwa uamuzi sahihi. Nilikosea katika kile kilichofuata baada ya afisa kubonyeza kitufe cha "Hifadhi".

Programu ilihifadhi taarifa ndani ya simu kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe, kwa sababu vijiji vingi vya milimani mtandao huja na kuondoka. SQLite haina aina ya data inayoitwa orodha. Thamani yoyote inayoingia humo huhifadhiwa kama namba kamili, namba yenye desimali, maandishi, baiti ghafi, au utupu, basi. Mtu mwenye orodha mkononi analazimika kuikunja iingie katika mojawapo ya maumbo hayo, au kuigawa katika mistari kadhaa ya jedwali jingine. Mimi niliikunja kwa njia ya kwanza iliyonijia kichwani: nilichukua maneno yaliyoandikwa kando ya kila kisanduku chenye tiki, nikayaunganisha kwa alama ya mkato, na kuyaweka yote katika safu moja kama sentensi. Mkulima akawa na "Karafuu, Mdalasini, Pilipili manga", na skrini ya taarifa zake ikapendeza kwa sababu sikuhitaji kufanya lolote zaidi ya kuyaonyesha maneno hayo kama yalivyo.

Mwezi wa pili nilipigiwa simu na afisa ugani mmoja, mama mwenye uzoefu mrefu kuliko umri wangu wa kazi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. "Mwanangu, ripoti yako inasema wakulima wa pilipili ni wengi kuliko wa muhogo. Pilipili gani hiyo?"

Nilipofungua programu niliona jibu kabla sijamaliza kusoma mstari. Fomu ilikuwa na chaguo la "Pilipili", chaguo la "Pilipili manga" na chaguo la "Pilipili hoho". Ili kuhesabu wakulima wa pilipili, nilikuwa nimeandika swali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, linalotafuta neno hilo popote ndani ya sentensi, yaani `LIKE '%Pilipili%'`, na hifadhidata ilitii ilivyoagizwa: ilimhesabu mwenye pilipili, mwenye pilipili manga na mwenye hoho, wote kwa pamoja. Binzari nayo ilikuwa na kasoro ileile, kwa kuwa "Binzari" imo ndani ya "Binzari nyembamba". Watu wanaohifadhi namba badala ya maneno hukutana na tego hilohilo wanapotafuta 1 na kuletewa pia 10, 11 na 21.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu halikumpigia mtu simu. Chaguo la kumi na tatu kwenye fomu liliandikwa "Mboga za majani, aina zote". Afisa alipofungua taarifa za mkulima ili arekebishe, kwa mfano, namba ya simu, programu iliikata ile sentensi kila ilipoona alama ya mkato, kisha ikatafuta kisanduku chenye jina la kila kipande ili kukirudishia tiki. Kipande cha "Mboga za majani" hakikuwa na kisanduku, na kipande cha "aina zote" pia hakikuwa nacho. Tiki haikurudi. Afisa, ambaye hakuwa amekuja kwa ajili ya mboga, alirekebisha namba ya simu na kuhifadhi, na kuanzia hapo mkulima yule hakuwa tena na mboga za majani katika kumbukumbu zetu. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea, kwa kuwa kila hatua ilifanya sawasawa na nilivyoiandika.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba nilikuwa nimechanganya vitu viwili: kile anachokisoma mtu kwenye skrini, na kile kinachopaswa kukumbukwa na mashine. Maneno ya skrini ni mali ya msomaji na yana haki ya kubadilika wakati wowote. Neno "hoho" lenyewe ni ushahidi tosha: kwa wengi wetu huku ni ile kubwa isiyowasha inayokatwakatwa kwenye kachumbari, ilhali ukifungua kamusi za zamani utaikuta pilipili hoho ikielezwa kuwa ndiyo ile kali. Ukihifadhi neno kama hilo badala ya kitu kinachotajwa, siku utakapolirekebisha kwenye fomu ili lieleweke vizuri, majibu yote ya zamani yatabaki yamening'inia kwenye jina lisilokuwepo tena.

Dawa yake ni kulipatia kila chaguo msimbo wake, mfupi, usio na nafasi wala alama ya mkato, ambao ukishatumika haubadilishwi: `pilipili_kali`, `pilipili_manga`, `pilipili_hoho`, `mboga_majani`. Kinachohifadhiwa ni msimbo tu, na jina la kuonyesha linatafutwa wakati wa kuonyesha, liwe la Kiswahili au la lugha nyingine. Nilijiona mjanja kwa kuligundua hilo, mpaka nilipokumbuka kwamba ODK, mfumo wa kukusanya data kwa simu ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, umekuwa ukifanya hivyo miaka yote. Katika fomu zake, swali la majibu mengi huhifadhi misimbo ya machaguo katika sehemu moja, ikitenganishwa kwa nafasi tupu, na ndiyo maana msimbo wa chaguo haukubaliwi kuwa na nafasi ndani yake. Ukitaka kujua kama chaguo fulani limo, unatumia kitendakazi cha `selected()` kinacholinganisha msimbo mzima, hakidowoi herufi. Yeyote aliyewahi kukusanya takwimu za kijiji kwa KoboToolbox, mfumo wenye fomu za namna hiyohiyo, ameutumia utaratibu huo, pengine bila kujua. Akipakua majibu, anaweza kupata safu moja kwa kila chaguo, yenye 1 kwa lililochaguliwa na 0 kwa lisilochaguliwa.

Kabla ya kuendelea na hifadhidata, sina budi kusema kuhusu skrini, kwa sababu orodha iliyoharibika kabla ya kuhifadhiwa haiwezi kuokolewa na jedwali lolote. Toleo langu la kwanza liliandikwa kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na visanduku kumi na sita vilipangwa ndani ya RecyclerView, zana ya Android ya kuonyesha orodha ndefu, ambayo ili kuokoa kumbukumbu haitengenezi mstari mpya kwa kila chaguo bali huuchukua mstari uliopotelea juu ya skrini na kuutumia tena chini. Ukiweka tiki kwenye karafuu, kisha ukateremsha orodha, unaikuta tangawizi ina tiki ambayo hukuiweka, kwa kuwa mstari ni uleule na umevaa jina jingine tu. Nimewaona vijana wakihangaika na jambo hili siku nzima wakidhani simu ni mbovu.

Kisanduku hakipaswi kukumbuka chochote. Kinachokumbuka ni seti ya misimbo iliyo nje ya skrini, na kila mstari unapochorwa huiuliza seti hiyo, "Mimi nimo?", kisha unaonyesha tiki au hauonyeshi. Mtu akibonyeza, msimbo unaongezwa kwenye seti au unaondolewa. Kwenye RecyclerView kuna sharti moja la ziada: kabla ya kuuambia mstari uliotumika tena uwe na tiki au usiwe nayo, ondoa kwanza msikilizaji wa mibonyezo, la sivyo ataidhania amri yako kuwa ni kidole cha mtumiaji na kubadilisha seti bila idhini. Kwa wanaotumia Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, mstari wake wenye kisanduku, `CheckboxListTile`, tayari unakulazimisha uupe thamani kutoka nje, na hiyo ni mojawapo ya sababu chache zinazonifanya niipende Flutter.

Nimesema seti, sikusema orodha, kwa makusudi. Seti, kama tulivyofundishwa kwenye hisabati ya sekondari, haikubali kitu kurudiwa na haijali mpangilio. Nilipokuwa nikitumia orodha, mkulima aliyewekewa karafuu kisha iliki alionekana tofauti na aliyewekewa iliki kisha karafuu, na programu, ilipolinganisha jibu la zamani na jipya, iliamini kwamba taarifa zimebadilika na kuzituma upya kwenye seva, ikila bando la afisa bure. Siku hizi uteuzi unakaa kwenye seti wakati wa kujaza, na ukifika wakati wa kuhifadhi unapangwa kwa kufuata mpangilio wa machaguo kwenye fomu.

Sasa turudi kwenye hifadhidata. Toleo la pili nililiandika kwa Room, maktaba ya Google iliyotoka mwaka 2017, ambayo inakuruhusu kuandika kigeuzi kidogo cha kuibadilisha seti kuwa maandishi ya JSON, mtindo wa kuandika data kama maandishi yenye mabano na alama za kunukuu, wakati wa kuhifadhi na kuirudisha kuwa seti wakati wa kusoma. Safu ikawa na `["karafuu","mdalasini","pilipili_manga"]`, na tatizo la alama ya mkato likaisha kwa kuwa JSON ina kanuni zake za kufunga na kufungua maneno. Kwa jambo ambalo husomwa lote kwa pamoja na kuandikwa lote kwa pamoja, sioni sababu ya kufanya zaidi ya hapo: siku ambazo mtumiaji anataka kukumbushwa, lugha anazozijua, vichujio alivyoviacha mara ya mwisho. Mipangilio midogo kama hiyo wala haihitaji hifadhidata. Kwenye Android, hifadhi ndogo ya mipangilio iitwayo SharedPreferences inaweza kuhifadhi seti ya maandishi moja kwa moja, mradi usiibadilishe seti ileile unayorudishiwa. Inakili kwanza, badilisha nakala, kisha hifadhi nakala.

Mazao hayakuwa jambo la aina hiyo. Karibu kila ripoti iliyoombwa ilianza na zao, haikuanza na mkulima: nani ana iliki katika kijiji hiki, wangapi wana karafuu na mdalasini kwa pamoja, nani apigiwe simu mnunuzi wa pilipili manga akija. SQLite inavyo vitendakazi vya kuchambua JSON, na tangu toleo la 3.38.0 la mwaka 2022 vimejengwa ndani yake bila kuviomba. Hata hivyo, programu ya Android kwa kawaida hutumia SQLite iliyokuja na mfumo wa simu, na simu za maafisa wangu hazikuwa za mwaka huo. Swali lililofanya kazi vizuri kwenye meza yangu lingeweza kugoma kijijini. Ukiachilia mbali hilo, kila ukiuliza swali la namna hiyo, mashine hulazimika kufungua JSON ya kila mkulima mmoja baada ya mwingine.

Mwishowe nilirudi kwenye kanuni ambayo mwalimu alitufundisha chuoni nami nikaikariri kwa ajili ya mtihani tu. Edgar Codd, alipokuwa IBM mwaka 1970, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali, na tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakiambiwa kwamba kila chumba cha jedwali kibebe thamani moja isiyogawanyika. Kwa hiyo majedwali yakawa matatu: la wakulima, la mazao, na la tatu linaloyaunganisha hayo mawili, lenye mstari mmoja kwa kila zao la kila mkulima. Mkulima mwenye mazao matano ana mistari mitano humo. Ufunguo mkuu wa jedwali hilo ni namba ya mkulima na msimbo wa zao kwa pamoja, hivyo hata programu ikikosea na kujaribu kuandika karafuu mara mbili kwa mtu mmoja, hifadhidata yenyewe inakataa. Ripoti ya pilipili ikawa swali fupi la kuhesabu mistari yenye `pilipili_kali`, na haikupata nafasi ya kuihesabu manga.

Kuhifadhi kunahitaji uangalifu kidogo. Njia rahisi ni kufuta mistari yote ya mkulima huyo na kuandika upya ile iliyochaguliwa sasa, lakini hatua hizo mbili lazima ziwe ndani ya muamala mmoja, kwa maana ileile tunayoijua tunapotuma fedha kwa simu: ama zimetoka kwako na kufika kwake, ama hazijatoka. Betri ikizimika katikati bila muamala, mkulima anabaki bila zao hata moja. Kumbuka vilevile kwamba SQLite haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka iagizwe kwa `PRAGMA foreign_keys = ON` kwenye kila muunganisho. Room hukufanyia hivyo ukiwa umetangaza uhusiano huo, lakini ukiandika SQLite mwenyewe ni jukumu lako.

Jedwali la tatu lilinilipa kwa namna ambayo sikuitarajia. Miezi michache baadaye wenye mradi walitaka kujua idadi ya miche na mwaka wa kupanda kwa kila zao. Katika orodha ya JSON ningelazimika kuvunja kila kitu, bali katika jedwali niliongeza safu mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho jedwali hilo halikunipa, na ambacho nusura kinikwaze tena. Mkulima ambaye hana mstari hata mmoja humo ana maana gani? Huenda halimi chochote msimu huu. Huenda pia afisa aliruka swali kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Katika safu ya maandishi tofauti hiyo huonekana, kwani utupu ni swali lisiloulizwa na `[]` ni swali lililojibiwa kwa "sina", lakini kwenye mistari, kutokuwepo ni kutokuwepo tu. Niliongeza kwenye jedwali la wakulima tarehe ambayo swali la mazao lilijibiwa, na kwenye fomu nikaweka kisanduku cha "Halimi zao lolote" ambacho kikiwekewa tiki kinaondoa tiki nyingine zote, na zao lolote likichaguliwa chenyewe kinaondoka.

Upande wa seva tulitumia Firestore, hifadhidata ya Google ya mtandaoni, ambayo orodha inazijua tangu mwanzo. Jambo la kuzingatia huko ni kutotuma orodha nzima kila mara. Maafisa wawili wanaweza kumtembelea mkulima mmoja wakiwa nje ya mtandao, mmoja akaongeza tangawizi na mwingine akaongeza machungwa, na wa mwisho kupata mtandao atamfuta mwenzake. Amri za `arrayUnion` na `arrayRemove` hutuma badiliko peke yake, na yote mawili yanasalimika. Upungufu wake ni kwamba swali moja haliruhusiwi kuwa na sharti la `array-contains`, yaani "orodha iwe na kitu fulani", zaidi ya mara moja, hivyo kumtafuta mwenye karafuu na iliki kwa pamoja kunakwama. Kwa hilo tulihifadhi pia ramani ambayo kila zao ni jina lenye thamani ya "kweli" (`true`).

Rafiki yangu mmoja alinishauri nitumie namba moja tu, ambapo karafuu ni 1, mdalasini 2, iliki 4, pilipili manga 8, na mwenye karafuu na iliki anahifadhiwa kama 5. MySQL, hifadhidata nyingine, ina aina ya safu inayofanya kazi hivyo kwa ndani, na mwisho wake ni machaguo 64. Ni ujanja unaopendeza na unaokula nafasi ndogo, ila mimi siutaki kwenye fomu ambayo machaguo yake hubadilika kila msimu, na sitaki afisa anipigie simu kuniuliza 4,105 ni nini.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuzihamisha zile sentensi za zamani kwenye jedwali jipya. Nilitafuta kwanza majina marefu, nikaandika misimbo yake na kuyaondoa kwenye sentensi, ndipo nikashuka kwenye majina mafupi, ili "Pilipili manga" isije ikasomwa kama "Pilipili" na mabaki. Mboga za majani zilizofutika kimyakimya nilizipata chache tu, zile ambazo nakala zake za awali zilikuwa bado kwenye simu ambayo haikuwa imepata mtandao. Nyingine zimepotea.

Ilibaki mistari iliyosema "Pilipili" peke yake. Fomu ya kwanza haikufafanua ni ipi, na nilikuwa na hakika kwamba baadhi ya maafisa waliiweka tiki hiyo wakimaanisha manga, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imesimama mbele ya macho yao. Sikutaka kukisia. Nilitengeneza msimbo wa `pilipili_haijabainishwa`, ambao haumo kwenye fomu ila umo kwenye jedwali la mazao, na taarifa za wakulima hao zikawa zinaonekana kwa rangi ya njano mpaka afisa awaulize. Nilimpigia yule mama kumweleza, nikamsomea majina ya wa kijiji chake. Alinikatiza kwenye jina la tatu. "Huyo namjua, ni pilipili kichaa tu, hana manga hata mche mmoja." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini acha kwanza. Nitapita kwake Alhamisi."